Bila Jina, Namba Saba

Pyo Man-sik alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Mtaani kwetu, kwenye lile jengo refu la mafundi wa umeme lililo kando ya mfereji, katikati ya Seoul, watu walisema ukitaka kumsikia Man-sik akitoa sentensi mbili kwa mpigo, mpelekee runinga mbovu. Hapo atasema. Atakuambia kilichoungua, kilichokaribia kuungua, na mjinga aliyeigusa kabla yake. Ukimuuliza habari za nyumbani, atakuuliza kama umekula.

Basi siku alipompigia simu binti yake Ran-hui, anayeuza miwani kule Incheon, akamwambia aje Seoul Jumanne saa tisa alasiri, binti alimwacha mteja na miwani mkononi, akatoka nje ya duka.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi."

"Daktari amekuambia nini? Usinifiche."

"Hakuna daktari. Ni maonyesho ya Mwalimu Seonu. Wamekusanya kazi zake zote kwenye jumba la sanaa. Nina kitu cha kukuonyesha."

"Mimi na runinga za Mwalimu Seonu wapi na wapi?"

"Njoo tu. Vaa vizuri."

Akakata simu kabla ya kuulizwa zaidi. Mikono ilikuwa inamtetemeka, lakini hiyo ilikuwa kawaida yake miaka hii. Ni mitetemeko hiyo iliyomwondoa kwenye kazi.

Mwalimu Seonu Hyeok sasa ana miaka sita kaburini, na leo kila mtu anamjua. Zamani hawakumjua, au walimjua kwa kumcheka. Ndiye wa kwanza hapa kwetu kuchukua runinga, kuigeuza kichwa chini, kuizungushia sumaku mpaka sura ya msoma habari inyongeke kama nguo inayokamuliwa, halafu akasema hii ni sanaa. Magazeti yalimwita kichaa. Alipozeeka wakampa nishani, na alipokufa, wale wale waliomcheka wakagombania kubeba jeneza. Ndivyo tulivyo.

Kwa Man-sik alifika mara ya kwanza mwaka wa sabini na tisa, ameikumbatia runinga kifuani.

"Fundi, nataka uniharibie hii."

"Ya kuharibu hailetwi kwa fundi," Man-sik alimjibu bila kuinua kichwa. "Wape watoto."

"Watoto wataivunja. Mimi nataka iharibike vizuri."

Man-sik akacheka, na waliokuwepo wanasema ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Tangu siku ile, kwa miaka karibu arobaini, Mwalimu aliota na Man-sik akalehemu. Runinga arobaini na tatu zilizokuwa zikitangazwa kwenye mabango barabarani, kila waya ndani yake ulipita kwenye vidole vya Man-sik. Jina lake halikuwamo kwenye bango lolote na hilo halikumsumbua. Ilimsumbua moja tu kati ya hizo arobaini na tatu, ile iliyoandikwa Bila Jina, Namba Saba.

Habari ya Namba Saba hakuwahi kumsimulia mtu mpaka Jumanne ile. Inabidi nisimulie mimi.

Mkewe aliitwa Yeo Bok-sun, lakini yeye alimwita Mama Ran-hui, kama tunavyoitana sote tukishazaa. Walikaa chumba kilicho juu ya duka, na kutoka dukani kwenda chumbani kulikuwa na ngazi ya chuma yenye vidato kumi na vinne. Baridi ya mwaka wa themanini na saba, Mama Ran-hui alikuwa anashusha majivu ya makaa, kidato kina barafu, akaanguka mpaka chini. Uti wa mgongo ukavunjika. Hakusimama tena. Ran-hui alikuwa na miaka miwili na nusu, akapelekwa Goesan kwa bibi yake mzaa mama, maana nani angemlea?

Man-sik afanye nini? Akifunga duka, hawali. Akifungua, mke yuko juu peke yake, hawezi hata kujigeuza, na sauti yake haifiki chini kwa kelele za mafundi. Akachukua kamera ya ulinzi iliyoletwa na benki fulani ikasahauliwa, akaifunga juu ya kabati, ikimtazama mkewe pale sakafuni alipolazwa. Waya ukashuka ngazi mpaka kwenye runinga ndogo ya nyeusi-na-nyeupe juu ya meza yake ya kazi. Tangu hapo alilehemu kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa juu. Bok-sun akitaka maji, au akitaka kugeuzwa, aliinua mkono wa kulia, ule mmoja uliobaki na nguvu, na Man-sik aliacha kila kitu akapanda vidato kumi na vinne. Wateja walinung'unika. Wengine walidhani ana ugonjwa wa tumbo, akawaacha wadhani hivyo.

Miaka miwili na nusu. Runinga ile haikuzimwa mchana hata siku moja. Mwezi wa kumi wa themanini na tisa, akiwa ameshika koleo, aliona kwenye kioo kwamba shuka imeacha kupanda na kushuka. Hapakuinuliwa mkono wowote. Alipanda mbio, akamkuta bado ana joto, lakini sakafu yetu huwashwa moto kwa chini na kila kitu hapo huwa na joto.

Kwenye msiba, bibi wa Goesan alimpigia kelele mbele ya waombolezaji wote. "Mwanangu amekufa juu peke yake kama mbwa, wewe uko chini unatengeneza runinga za watu!" Ran-hui, miaka mitano, alikuwa amekaa kwenye paja la bibi. Man-sik hakujibu. Angesema nini? Kwamba alikuwa anamtazama kwenye runinga? Ingesikika kama dhihaka. Akanyamaza, na kimya kile kikawa ndicho binti alichokua nacho. Bibi alimrudishia yale maneno kila mwaka siku ya tambiko la mama yake, mpaka yakamkaa. Hakumchukia baba. Alikuja sikukuu, akaleta matunda, akainama kama inavyopasa, akaondoka. Lakini kuna swali hakuliuliza, na Man-sik aliliona limekaa mezani kila walipokula.

Na ile runinga? Baada ya msiba Man-sik aliondoa kamera, akawasha kioo kitupu kujaribu kama bado kizima. Akamwona. Mafundi wa zamani tunaujua ugonjwa huu. Kioo kikionyeshwa picha moja muda mrefu, picha hukiunguza na haitoki tena. Palipokuwa peupe huungua pakawa peusi, palipokuwa peusi hubaki pazima. Shuka na mto vilikuwa vimekuwa kivuli kirefu cha rangi ya moshi. Katikati yake, chini upande wa kushoto, nywele za Bok-sun zilikuwa zinang'aa, na kando yake mstari mwembamba wa mkono. Picha za kawaida za mkewe Man-sik alikuwa nazo tatu, ikiwemo ya kitambulisho. Picha huchukuliwa kwa kufumba na kufumbua. Hii ilichukuliwa kwa miaka miwili na nusu, na hapakuwa na mchana hata mmoja ndani yake ambao Man-sik hakuwa amekaa mbele yake.

Mwalimu Seonu aliiona mwaka wa tisini na moja, alipopita kuchukua kazi zake.

"Nipe hii."

"Imeungua, Mwalimu. Nitakutafutia nzima."

"Nataka hii hii."

Man-sik hakusema ni nini. Mwalimu hakuuliza. Alikaa juu ya sanduku la vifaa akaitazama muda mrefu, halafu akaagiza chupa ya pombe ya mchele, akamimina bakuli mbili, moja akaiweka mbele ya kioo. Hapo Man-sik alijua kwamba Mwalimu anajua.

"Hapa kwako siku moja utaichoka uizime, au utakufa watu waitupe," Mwalimu akasema. "Kule watailinda. Ni kazi yao kulinda."

Man-sik akampa. Hakuweza tena kuitazama, wala hakuweza kuitupa. Mwalimu aliiita Bila Jina, akaificha maana yake kwa heshima ya rafiki, na jumba la sanaa likaipokea. Nani angejua kwamba heshima nayo inaweza kuua?

Maana sikiliza. Alipokufa Mwalimu, wale wa jumba la sanaa walimwomba Man-sik aandike daftari la matunzo ya kazi zote, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka, na kijana wake wa zamani, Gil-ho, ndiye angemrithi. Kijana nasema kwa mazoea. Gil-ho sasa ana miaka hamsini na kipara. Man-sik akaandika kurasa arobaini na tatu kwa mkono, na juu ya ukurasa wa kwanza akaweka kanuni aliyowafundisha wanafunzi wake wote: kioo kilichoungua ni maradhi, kitolewe, kiwekwe kizima. Alipofika Namba Saba alishika kalamu mpaka wino ukakauka. Ilimpasa aandike: hiki kisiguswe, ni mke wangu.

Hakuandika. Kwetu mwanamume anayemtaja mkewe mbele za watu huitwa mpumbavu, tena mpumbavu wa daraja la kwanza. Ni msemo wa wazee, vijana wanaucheka, lakini Man-sik alizaliwa mwaka wa hamsini na nne na ulimwingia akiwa mdogo. Daftari lingesomwa na wakubwa, na wasichana wa ofisini. Akaona haya. Akaandika: Kama kawaida. Akajisemea kwamba Gil-ho akiiwasha ataelewa mwenyewe. Mficha uchi hazai, lakini msemo huo hakuukumbuka siku ile.

Jumanne ilifika. Man-sik alinyoa ndevu mara mbili, akavaa suti aliyomzikia Mwalimu. Nje ya jumba la sanaa mashada ya maua yalikuwa yamepangwa marefu kuliko mtu, yenye riboni za majina ya wakubwa. Ran-hui alimkuta amesimama katikati ya shada la waziri na la kiwanda cha bia.

"Baba, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula kwenye treni."

Hawakuwa wamekula wote wawili. Wakaingia.

Ndani wakubwa walihutubia, kila mmoja akisema alivyokuwa karibu na Mwalimu, mpaka ukashangaa marehemu alipata wapi muda wa kufanya kazi. Man-sik hakusikiliza. Alikuwa anasikiliza runinga. Alimpitisha Ran-hui chumba hadi chumba, na kila walipopita alisema jina la tatizo kama mtu anayesalimia majirani: hii ilikuwa inachemka, hii ilitaka kutuunguza mwaka wa themanini na nne. Ran-hui alimtazama kwa pembeni. Hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile.

"Una furaha leo, Baba."

"Bado kidogo. Twende."

Namba Saba ilikuwa imetengewa chumba chake, kidogo, chenye giza, na pazia jeusi mlangoni. Foleni ilikuwa imejipanga. Man-sik alimshika binti yake kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu binti alipokuwa mtoto, na wakaingia.

Runinga ndogo ilikuwa juu ya meza nyeupe, ndani ya kioo chake mwanga mtupu. Man-sik alitazama chini, upande wa kushoto. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Akatazama upande wa kulia, labda wameigeuza. Mwanga ulikuwa mweupe kutoka pembe hadi pembe, laini, hauna hata mkwaruzo.

Kando yao msimamizi wa maonyesho, Bi Hwang, alikuwa anawaeleza wageni. "Katika kazi hii Mwalimu ameondoa kila kitu. Hakuna picha, hakuna habari, hakuna mtu. Ni utupu kamili." Akamwona mzee. "Aa, huyu hapa Fundi Pyo! Yeye ndiye aliyemjua Mwalimu. Fundi, huu utupu, aliwahi kukuambia chochote?"

"Hapakuwa patupu," Man-sik akasema.

Bi Hwang akakaza macho, akaitikia kwa kichwa taratibu, akaandika kwenye kijitabu chake. "Maneno mazito sana," akawaambia wageni, akawapeleka mbele.

Wageni walipotoka, Gil-ho aliingia mbio, kipara kinang'aa, amevaa koti la mafundi. Akainama kwa bwana wake mpaka kiunoni.

"Fundi! Umeiona? Doa hata moja hakuna. Hii ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Tyubu ya kioo ya saizi hii haitengenezwi tena popote, nimeipata kwa mjane wa fundi mmoja Busan, mpya, ikiwa bado kwenye boksi lake. Nilisema nisikuambie, uje uione mwenyewe."

"Ya zamani iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya zamani, Gil-ho."

"Ile iliyoungua? Mwezi uliopita lori lilikuja likachukua zote. Wanazisaga, kile kioo kina sumu." Akaona uso wa mzee. "Kuna kifaa ulikitaka? Nilifuata daftari lako neno kwa neno, Fundi. Ukurasa wa Namba Saba uliandika kama kawaida."

"Niliandika," Man-sik akasema.

"Baba, kuna nini?" Ran-hui akauliza. "Ulitaka nione nini hapa?"

Basi Man-sik akasema. Alisema akiwa amesimama, bila kumtazama mtu, kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza kilichoungua ndani ya runinga. Kamera juu ya kabati. Waya. Mkono wa kulia. Vidato kumi na vinne. Shuka iliyoacha kupanda. Nywele zilizobaki zinang'aa. Hakuwahi kusema sentensi nyingi kiasi hicho tangu alipozaliwa, na alimtaja mkewe kwa jina lake, Bok-sun, mbele ya mtu baki.

Ran-hui alimgeukia Gil-ho. "Kaka, wewe uliiona hiyo ya zamani. Palikuwa na mtu?"

Gil-ho angeweza kusema ndiyo. Najua alitamani. Lakini bwana wake alimfundisha miaka ishirini kusema alichokiona ndani ya kioo, si anachokitaka mteja.

"Palikuwa na doa, dada. Doa kubwa jeusi, na kadoa keupe chini."

"Kama kichwa cha mtu?"

"Runinga za walinzi zote huwa hivyo. Sikuangalia vizuri. Niliona imeungua, nikaitoa." Akamwinamia Man-sik, akabaki ameinama. "Fundi, niue."

"Umefanya kazi safi," Man-sik akamwambia. "Inuka."

Ran-hui alikuwa amekunja mikono kifuani. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo. "Bibi aliniambia hukuwa unapanda."

"Nilipanda. Akiinua mkono, nilipanda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani ukiiona mwenyewe utaamini. Maneno yangu usingeyaamini."

"Wewe hujawahi kunipa neno hata moja nikakataa kuliamini, Baba! Miaka thelathini na mitano tunakula kimya mimi na wewe. Ulihitaji runinga ikusemee?"

Bibi wa Goesan alikuwa amekufa kitambo, Mwalimu amekufa, lori limekwenda. Maji yalikuwa yamemwagika, na wa kuulizwa alikuwa Man-sik tu. Akasogea mbele, akanyoosha kidole kinachotetemeka mpaka karibu na kioo.

"Kichwa kilikuwa hapa. Alilalia ubavu, hivi. Mto hapa. Mkono ulianzia hapa, ukaja mpaka—"

"Mzee, rudi nyuma ya mstari tafadhali," mlinzi wa mlangoni akasema. "Hairuhusiwi kugusa kazi ya Mwalimu."

Man-sik akarudi nyuma ya mstari.

Ran-hui akavua miwani yake. Akaifuta kwa kitambaa anachotumia dukani kwake, akaivaa, akainama kwenye mstari wenyewe, mikono magotini, akakitazama kioo mahali pale kidole kilipokuwa kimeonyesha. Alitazama muda mrefu. Alijaribu kweli, kama mtoto anayeonyeshwa nyota na mkubwa. Nje ya pazia watu walianza kukohoa. Man-sik alimtazama yeye, si kioo, akingoja.

"Samahani, Baba," akasema. "Naona mwanga tu."

Alisema kwa upole, na ni upole huo uliomaliza nguvu za mzee. Mlinzi akafungua pazia, wakatoka, maana foleni ilikuwa ndefu.